Mkono wa Kazi

Jumatatu, 6 Machi

Saa nne nzima kwenye mashine ya kusafisha damu. Kiti cha sita, kile chenye mguu mmoja mfupi. Nimewaambia mara tatu wakiwekee kadibodi. Leo nimekuja na mabaki ya bitana, nimeyakunja, nimeyasukuma chini ya mguu. Sasa hakitikisiki. Angalau kuna kitu kimoja humu kimetengenezwa.

Vidole vya kushoto vimekuwa baridi tangu sindano zilipoingia. Si baridi ya hewa – mkono wa kulia una joto lake kama kawaida. Nimemwonyesha sista. Akavigusa, akaguna, akasema tutamwambia daktari. Hiyo tutamwambia naisikia tangu Januari.

Dereva, jirani yangu wa kiti cha saba, aliyekuwa akiendesha malori hadi figo zilipomshusha, akanishauri nivae glavu. Nikamwambia fundi nguo akionekana na glavu dukani mwake, wateja watadhani amekuja kuiba. Akacheka mpaka mashine yake ikalia. Sista akatugombeza wote wawili kama wanafunzi.

Kwenye kurasa za nyuma za daftari hili naandika maneno yao ya hospitali. Ni daftari la vipimo, lakini wateja wamepungua na kurasa zipo. Leo neno ni fistula. Wanachukua mshipa unaoleta damu mkononi, wanaushona na mshipa unaoirudisha moyoni, ili ule wa pili uvimbe, uwe mnene wa kuchomwa. Hayo ni maelezo ya daktari wa mishipa. Mshono wake ni mzuri, siwezi kusema uongo. Niliutazama kwa miwani ya kazi siku walipotoa nyuzi. Mistari imenyooka, hakuna mkunjo. Mtu anajua kazi yake.

Alichokosea ni mkono. Na hakukosea yeye.


Jumanne, 7 Machi

Dukani. Suti ya yule bwana wa bima, kitambaa cha kijivu, kizito, cha kupendeza. Nilikitandaza juu ya meza nyuma ya pazia, nikachora kwa chaki, nikashika mkasi.

Niliushika? Niliuona umeshikwa. Vidole havikuniambia kitu. Nilikata shibiri mbili, mkasi ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Mara ya tatu nikahamishia mkono wa kulia – upuuzi mtupu. Mkasi huu mhunzi alinitengenezea miaka kumi na nane iliyopita, makali yake yamegeuzwa, ni wa mashoto. Ukiushika kwa kulia hautakata, utatafuna. Nao ulitafuna. Mguu mzima wa suruali, kuanzia gotini, kama umegugunwa na panya.

Mama Vifungo, tunayeshirikiana naye duka, akachungulia kwenye pazia. Alitazama kitambaa, akanitazama, akarudi kwenye cherehani yake. Ningependa angesema kitu.

Jioni nikaona damu kwenye shati. Sindano ilikuwa imeingia kidole cha shahada, ncha kabisa, sijui saa ngapi. Sikusikia kitu.


Alhamisi, 9 Machi

Mashine. Daktari wa mishipa amekuja mwenyewe, na wanafunzi wanne nyuma yake. Aliubonyeza mshipa pale kwenye mshono. Vidole vikapata rangi. Akaachia. Vikarudi kuwa kama nta. Akafanya hivyo mara tatu kwa faida ya wanafunzi. Nilijisikia mwanasesere wa dirishani.

Akaeleza. Mshipa niliounganishiwa una njaa sana, unavuta damu yote kabla haijafika vidoleni. Mkono unaibiwa damu, ndivyo wanavyosema. Mwanafunzi mmoja akaandika. Na mimi nikaandika.

Nikamuuliza dawa yake nini. Akasema kuubana nusu hakuaminiki kwangu: ukibanwa kidogo hausaidii, ukibanwa sana damu inaganda. Dawa ni kuufunga kabisa. Vidole vitapata damu, huenda vikarudi kazini.

Na damu yangu itasafishiwa wapi?

Turudishe mrija wa shingoni, akasema, huku tukitafuta njia nyingine.

Shingoni! Alilisema kama mtu anayekurudishia kanzu yako ya zamani. Oktoba mrija huohuo uliingiza vijidudu kwenye damu. Nilitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Usaha kwenye kitundu, homa, wakachukua damu kwenda kuotesha vijidudu, wakaota vizuri sana, shamba zima. Wiki tatu wodini. Dawa zote na dripu zote zikapitia mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto tayari ulikuwa na fistula na ulikuwa unatunzwa kama yai. Mishipa ya kulia ikaganda mmoja baada ya mwingine. Leo ukiipapasa ni migumu kama kamba za viatu, hakuna hata mmoja wa kushonwa.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Nikiufunga mshipa, mkono unaweza kupona nami naweza kufa kwa shingo. Nikiuacha, nitaishi vizuri na mkono wa mapambo. Amenipa hadi Jumanne ya tarehe 21. Kidonda cha ncha ya kidole amekitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Amesema kisipofunga, hata hicho kidole tukisahau.

Wakati anaondoka akaona sugu ya mkasi kwenye gumba langu la kushoto, akafungua faili, akashangaa. Kwani wewe si mtu wa kulia? Imeandikwa hapa: mkono wa kazi, kulia. Sisi huweka fistula kwenye mkono usiotumika.

Nikasema ndiyo, imeandikwa.


Ijumaa, 10 Machi

Niandike basi, mara moja, nisirudie tena.

Mwaka jana, mwezi wa nane, chumba cha wauguzi. Mimi kitini, nimevimba uso. Mama pembeni na kikapu chake. Sista, si huyu, mwingine, anajaza fomu. Umri. Uzito. Mkono anaoutumia?

Mama akanitangulia. Wa kulia, akasema. Huyu tulimlea, hana mkono wa kushoto. Kwa fahari, kichwa juu, kama anataja cheti changu.

Na mimi nilinyamaza. Watu wazima watatu kwenye benchi wanasikiliza. Nimuumbue mama yangu mbele yao? Niseme, huyu bibi anadanganya, mimi nakula kwa kulia, nasalimia kwa kulia, naandika kwa kulia kama unavyoona saini yangu, lakini mkate wangu naukata kwa kushoto? Nilidhani ni swali la kujaza nafasi tu. Kama dini na kabila.

Sista akaandika kulia. Nikatia saini kwa kulia. Mwandiko mzuri kabisa. Mwandiko huu huu.

Marehemu baba ndiye aliyetoa amri, nikiwa na miaka minne. Mama ndiye aliyeitekeleza. Kipande cha kanga, mkono wa kushoto unafungwa kiunoni wakati wa kula na wakati wa kuandika. Fundo lake lilikuwa nyuma ili nisilifikie. Mwaka mzima. Nikajifunza. Walifurahi. Kilichobaki nilikificha – kwanza vichakani, kisha nyuma ya pazia la duka. Mteja napokea kitambaa chake kwa kulia, nampima kwa kulia, naandika kwa kulia. Halafu naingia ndani, navuta pazia, naanza kazi. Miaka ishirini watu wananisifu kwa mkato na hawajui mkono gani uliowakatia.

Mama Vifungo peke yake anajua. Mama yangu hajawahi kupita lile pazia. Yeye hukaa mbele, kwenye kiti cha wageni, ananiangalia naandika.


Jumapili, 12 Machi

Nimemwambia.

Sikupanga. Alileta chakula kisicho na chumvi, akaketi mbele yangu kunitazama nikila, na alipotazama kitambaa cha kidole akasema nishukuru Mungu ni mkono wa kushoto uliopata matatizo.

Nishukuru!

Nikaweka kijiko chini. Nikasema, Mama, mkono huo ndio unaokulisha. Ndio uliokata gauni ulilovaa. Ndio uliokata sanda ya baba. Hakuna nguo hata moja iliyotoka dukani kwangu iliyokatwa na mkono mwingine. Na wewe ulimwambia sista hauna kazi, nao wakaamini, wakautoboa.

Nilisema mengi zaidi. Nilisema kanga. Nilisema fundo.

Alikuwa anaokota punje za wali kwenye mkeka, moja moja, anaziweka kwenye kiganja. Akamaliza. Kisha akasema, taratibu, "Mwanangu, mimi nilidhani uliacha."

Kama vile ni sigara.

Nikamuuliza mtu anaachaje mkono. Akachukua sahani, akaenda kuosha. Sikusikia maji yakimwagika kwa muda mrefu sana.


Jumatatu, 13 Machi

Mashine. Homa kidogo, thelathini na saba nukta nane. Sista akataka kujua kama natetemeka. Nikamwambia ni hasira. Akasema hasira haina nafasi kwenye fomu.

Nilimsimulia Dereva yote. Alisikiliza macho yamefumbwa. Kisha akasema yeye miaka yote barabarani alikuwa haoni vizuri jicho moja, alipokwenda kupimwa leseni alikariri herufi za ukutani. Kwa hiyo wewe, akaniambia, ulifaulu mtihani. Ndiyo shida yako. Ulifaulu mno.

Nilitaka kumchukia. Nikashindwa. Mtu mwenye mrija shingoni anayekuambia ukweli, utamfanya nini.

Akaniuliza nimeamua nini. Nikasema nikiufunga, narudi kwenye mrija. Akagusa shingo yake. Yeye wake umo miezi kumi na minne, haujapata kitu. Bahati, akasema. Halafu akasema jirani yetu wa zamani wa kiti cha nne alisema hivyohivyo.

Kiti cha nne sasa kina mwanamke mwingine.


Jumatano, 15 Machi

Sijui niandikeje hili.

Mama hajazungumza nami tangu Jumapili ila ya lazima. Kula. Dawa. Funga dirisha. Leo asubuhi akaja na bakuli la maji ya chumvi kubadilisha kitambaa cha kidole. Kazi hiyo huwa nafanya mwenyewe kwa meno, yeye akasema nimpe.

Kidonda kimekuwa cheusi ukingoni. Duara dogo, kama kifungo cha shati. Aliosha, akapuliza. Bandeji ilikuwa ndefu. Akatazama huku na huku akitafuta cha kukatia. Mkasi wangu ulikuwa mezani – nimeuleta nyumbani, sitaki Mama Vifungo auone umelala tu. Akauchukua.

Nilitaka kumwambia auache, huo hauwezi, kila aliyeujaribu umemtafunia kitambaa. Mama Vifungo alishaujaribu. Mhunzi mwenyewe alipoujaribu kwa kulia alitukana.

Mama alikata bandeji. Moja kwa moja. Mstari kama wa rula. Akakata ya pili. Sauti ileile, ile ya makali yanayokutana sawasawa, sauti ambayo sijaisikia tangu wiki iliyopita.

Mkasi ulikuwa kwenye mkono wake wa kushoto.

Alikuwa hafikirii. Alikuwa anawaza kidonda. Alipoinua macho akaniona ninavyomtazama, akauhamishia kulia haraka – haraka mno, kwa mwanamke wa miaka sabini na mbili – akauweka mezani, akaufunika kwa kile kitambaa kichafu. Kisha akanifunga kidole. Akatoka na bakuli.

Mama yangu ni mashoto. Nina miaka arobaini na tisa na nimejua leo.


Alhamisi, 16 Machi

Ningetakiwa kumwonea huruma. Sina. Najisikia vibaya zaidi kuliko jana.

Baba hakujua. Baba alizaliwa na mkono wa kulia, alikuwa mtu wa amri, asiyejua anaamrisha nini. Lakini Mama alijua. Alijua jinsi kijiko kinavyokuwa mzigo. Alijua mkono unavyowasha ukifungwa, unavyojinyonganyonga wenyewe. Hata hivyo alikuja kila siku na ile kanga, akakaza lile fundo. Nani alimfunga yeye? Kwa nini hakusema hata siku moja, usiku mmoja tu, mwanangu, hata mimi?

Nimemaliza saa zangu nne kwenye mashine. Dereva alinitupia peremende isiyo na sukari. Nimeiweka mfukoni.

Neno la leo: kufunga mshipa. Wanautenganisha, wanazungushia uzi mara mbili, wanakaza. Nilimuuliza sista uzi gani. Hariri, akasema. Dakika arobaini. Fundo linabaki ndani daima.


Jumamosi, 18 Machi

Bwana wa bima amekuja kuchukua suti. Mama Vifungo alikuwa amenunua kitambaa kingine, akakata yeye. Suruali iko sawa. Koti limeanguka bega la kushoto, kidole kimoja hivi. Bwana hakuona. Akajitazama kwenye kioo, akasema fundi, wewe ndiye wewe.

Nikasema asante.

Baada ya hapo nilikaa nyuma ya pazia. Niliweka kiganja juu ya mshipa. Unatetemeka kama cherehani inayozunguka bila kitambaa. Masista walinifundisha kuusikiliza kila asubuhi: ukitetemeka, uko hai, na wewe uko hai. Siku ya kwanza nilipousikia nililia kwa furaha. Sitaki mtu ajue hilo.

Mama Vifungo akasema kutoka upande wa pili, bila kufungua pazia, kwamba kuna mafundi wanaoelekeza tu, wengine wanakata. Nikamwambia hao ni mabosi, si mafundi. Akasema haya.


Jumatatu, 20 Machi

Mashine. Sindano zikaingia mara moja, bila kutafutatafuta. Mshipa mnene, mtiifu. Damu ilikwenda na kurudi saa nne bila mashine kulia hata mara moja. Sista akasema ndio mshipa bora kuliko yote humu ndani. Hakujua anachonifanyia.

Kidole hakiumi. Hiyo ndiyo habari mbaya.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amenikunjia nguo za hospitali. Akaniuliza kesho aje au asije. Nikasema kama anataka. Akasema anataka. Akasimama mlangoni, akishika fremu. Nikajua anakaribia kusema. Nikainamia daftari nikajifanya naandika, naye akaondoka. Hiyo ilikuwa nafasi yake. Au yangu.


Jumanne, 21 Machi

Korido ya chumba cha upasuaji. Nimevaa lile shati lao lililo wazi mgongoni. Mshono wa pindo umeachia, mtu ameupiga stepla. Wamemwingiza mwingine kwanza, tumbo, wamesema nusu saa.

Fomu iko gotini chini ya daftari. Imejazwa tayari, wamenakili kutoka kwenye faili. Ugonjwa: figo kushindwa, hatua ya mwisho. Mkono wa kazi: kulia. Chini kuna visanduku viwili. Nakubali mshipa ufungwe. Naomba mshipa uachwe. Daktari hajatia alama. Amesema hiyo ni yangu, halafu akaenda kunawa.

Sista anataka saini mbili, ya mgonjwa na ya ndugu shahidi. Akaniona nasitasita, akampa Mama kalamu aanze yeye, muda usipotee.

Mama aliipokea kwa kulia, ndiyo adabu. Akaweka fomu kwenye benchi. Akakaa hivyo kidogo. Mbele yetu kuna watu sita, pamoja na mzee mmoja anayetutazama kwa kukosa kazi nyingine. Akahamisha kalamu. Akaandika jina lake kwa kushoto, taratibu, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu mkono huo haujawahi kuruhusiwa kuandika. Jina lilivuka mstari. Sista akatazama mkono, akatazama saini, akafungua mdomo.

"Nimezaliwa hivi," Mama akamwambia. "Na huyu pia. Ile karatasi yenu ya mwanzo niliijaza uongo."

Mzee wa mbele akaangalia pembeni.

Mama hajaniangalia. Amenirudishia kalamu na fomu, kwa mkono huohuo, mbele za watu. Sijamsamehe. Nataka iandikwe hapa kwamba sijamsamehe. Lakini nilipopokea, kidole changu kimoja cha baridi kiligusa chake, naye akakishika, akakifunika kiganjani kama anavyofunika kikombe cha chai kisipoe. Bado amekishika. Ndiyo maana naandika daftari likiwa limepinda.

Sista ameuliza mara ya pili kama kuna la kurekebisha. Mlango umefunguliwa, wanamtoa yule wa tumbo. Nimeweka kalamu juu ya neno kulia, nimelikata kwa mstari mmoja. Sasa vimebaki visanduku viwili, mshipa unatetemeka, na kidole kimeanza kupata joto, au ni joto la kiganja cha Mama. Wananiita.